Zulia limefumwa tarehe ١٢٤٥: je, niamini?

SWALI: Niko Muscat. Katika duka moja la Muttrah nimeonyeshwa mswala wa Kibaluchi, sufu tupu, wenye tarehe ١٢٤٥ (yaani 1245) juu ya mihrabu. Muuzaji anasema una karibu miaka 200, na ndiyo sababu ya bei yake. Nilipougusa kwa kitambaa chenye maji, kilitoka na wekundu kidogo. Tarehe hiyo niiamini? Na huo wekundu unasema nini?

JIBU: Usilipie tarehe mpaka zulia lenyewe limeikubali. Kwa ulivyoeleza, bado halijaikubali.

Anza na hesabu. Mwaka wa Hijria unaofuata mwezi ugawe kwa 33, jibu ulitoe kwenye mwaka huohuo, kisha ongeza 622. 1245 ukigawa kwa 33 unapata kama 38. 1245 ukitoa 38 inabaki 1207. Ukiongeza 622 unafika 1829. Kwa hesabu, muuzaji hajakosea. Tatizo ni ile tarakimu ya pili. ٣ (tatu) ikipunguzwa jino moja inakuwa ٢ (mbili), na kazi hiyo ni ya kung'oa mafundo machache tu na kuweka mengine. Kama zulia lilitoka kwa mfumaji likiwa na ١٣٤٥ (1345), huo ni mwaka 1926 hivi. Na kama mfumaji alifuata Hijria ya jua, iliyo rasmi Iran tangu 1925, unaongeza 621 tu: 1966. Jino moja la sufu, na umri unaruka karibu karne nzima au zaidi.

Kwa hiyo geuza zulia. Tarehe iliyofumwa tangu mwanzo husomeka na nyuma pia, kinyumenyume, na mafundo yake yanalingana na jirani zake kwa unene, msokoto na uchakavu. Chukua lenzi ya kukuzia, simama kwenye mwanga wa jua, tazama pale palipopaswa kuwa na jino la tatu. Fundo lililopachikwa baadaye hutuna kidogo, sufu yake huwa ngumu au inang'aa kuliko ya pembeni, na mara nyingine uzi wa mshindio (unaopita kwa upana) hapo umesogezwa. Hata tarehe isiyochezewa si hati ya kuzaliwa: wapo wafumaji waliokuwa wakinakili nakshi ya zulia la zamani pamoja na tarakimu zake.

Sasa wekundu. Rangi ya kwanza ya kiwandani iligunduliwa na William Perkin, London, mwaka 1856, na nyingine zikafuata na kuwafikia wafumaji wa Uajemi miongo iliyofuata. Zulia la 1829 haliwezi kuwa nayo. Nyekundu ya zamani ilitoka kwenye mizizi ya runasi, na ikishikishwa vizuri kwa shabu haitoki kwa kuguswa na kitambaa chenye maji. Inayochuja kirahisi, hasa ikiacha doa la waridi au chungwa, nitaishuku ni ya kiwandani.

Lakini rudia jaribio kabla ya kuhukumu. Tumia pamba nyeupe na maji ya uvuguvugu, kandamiza sekunde 30, na kila aina ya nyekundu uijaribu peke yake. Kisha tenganisha manyoya kwa vidole mpaka kwenye fundo. Ncha zimepauka na shina limekolea: mwanga umeila rangi. Ncha zimekolea na shina limepauka: kuna mtu amepaka rangi juu kuficha uchakavu, na huenda hiyo ndiyo iliyotoka kwenye kitambaa chako. Buluu ya nili ikiacha vumbi kidogo kwenye kitambaa kikavu isikutie wasiwasi, ni tabia yake.

Kuna dalili moja ya umri ambayo ni ngumu kuigiza vizuri. Kahawia na nyeusi za zamani zilitiwa chuma, na chuma hula sufu polepole. Katika zulia kongwe mistari ya kahawia huzama huku rangi za jirani zikibaki juu, hata kwenye kona zisizokanyagwa. Anayeigiza hunyoa, na mkasi huacha ncha zilizokatwa sawasawa.

Upande wa nyuma uwe laini kwa kusuguana na sakafu. Wapo wanaouchoma kwa moto ili kuondoa vinyweleo, hivyo nusa: harufu ya nywele zilizoungua, au ya klorini, ni onyo. Idadi ya mafundo haitakusaidia hapa. Hesabu ukipenda, sentimita 10 kwa upana na 10 kwa urefu, uzidishe. Mswala wa Kibaluchi wenye 1,000 hivi ni wa kawaida, uwe mkongwe au mpya. (Usidanganyike pia na jina: Mabaluchi wengi wa Omani wana asili ya Makran, pwani ya Iran na Pakistan, ilhali mazulia haya ya manyoya yanatoka zaidi Khorasan, kaskazini-mashariki mwa Iran, na upande wa Herat, Afghanistan.)

Mwambie muuzaji akutajie bei kana kwamba tarehe haipo. Ikiwa sufu inang'aa, pindo za nywele za mbuzi ni za asili na mtande (nyuzi za urefu) haulii unapokunja kona taratibu, zulia la 1926 bado ni ununuzi mzuri. Sauti ya kukatika ukikunja maana yake nyuzi za ndani zimeoza. Hilo liache dukani.

Ukilinunua, usilitandike karibu na mengine siku hiyohiyo. Lipige brashi pande zote mbili, lizungushe bila kulikunja, lifunge kwenye plastiki isiyopitisha hewa na uliweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, ili mayai na viluwiluwi vya nondo vife. Ukilitoa, liache saa 24 ndani ya plastiki hiyohiyo. Ukifungua mapema, unyevu wa hewa ya Muscat utageuka maji juu ya sufu baridi, na nyekundu yako inayochuja itahamia kwenye kila uzi mweupe ulio jirani.