Mkate wa nyumbani: unga ukinata mikononi, usikimbilie kuongeza mwingine

Mleta uzi umeuliza mawili: kwa nini mkate wako mweupe unatoka mgumu na mzito, na kama kuoka nyumbani ni nafuu kuliko kununua dukani. Naokea familia yangu kwa miaka kadhaa sasa, kwanza Njombe na sasa Dar, basi najibu kwa ninayoyaona jikoni.

Ugumu kwanza. Hata bila kuuona mkate wako, nabashiri unga ni mwingi kuliko maji. Wengi wetu tumejifunzia kukanda kwenye chapati na maandazi, ambako unga ukinata tu mtu ananyunyiza mwingine. Mkate hautaki hivyo. Kwa nusu kilo ya unga wa ngano naweka maji mililita 310 hivi, hamira ya chenga vijiko vidogo viwili, chumvi kijiko kidogo kimoja na nusu, sukari kijiko kikubwa kimoja, mafuta vikubwa viwili. Ukishachanganya, funika bakuli uliache dakika 15 kabla ya kukanda. Unga unakunywa maji wenyewe na kule kunata kunapungua. Halafu kanda dakika 10 za kweli, siyo huku unachati. Chukua kipande ukivute taratibu: kikitanuka hadi mwanga ukapita bila kuchanika, umemaliza. Kikikatika, rudi kazini.

Saa usiiamini sana. Njombe mwezi wa sita donge lilikuwa likipitisha saa mbili ndipo liumuke, tena nimelifunika blanketi karibu na jiko. Dar mwezi wa pili, dakika 40 limeshajaa bakuli, na ukichelewa linanuka pombe na mkate unabonyea ukiwa motoni. Kwa hiyo kipindi cha joto natumia maji ya kawaida tu na hamira napunguza nusu. Maji ya moto hayafai popote, maana yakishakuunguza kidole, na hamira imekufa. Ukishalisokota donge na kulipanga kwenye bati la kuokea, liache liumuke tena, kisha libonyeze kwa kidole. Shimo likijaa haraka, subiri. Likirudi polepole, peleka motoni.

Oveni si lazima. Chukua sufuria kubwa nzito, weka mchanga mkavu chini, ipate moto kwanza, ingiza bati, funika na palia makaa juu ya mfuniko. Moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini, la sivyo kitako kinaungua na uso unabaki mweupe. Dakika 35 hadi 40 zinatosha. Mkate ulioiva ukiugonga chini unatoa mlio wa kitu kitupu. Uache upoe kabisa, hata watoto wakilia, maana ukiukata wa moto katikati unashikana kama ugali.

Sasa gharama. Ukipiga hesabu ya unga, hamira na mafuta peke yake utafurahi. Ongeza mkaa au gesi ya mkate mmoja, unafuu unayeyuka. Ndiyo maana naoka miwili au mitatu kwa moto mmoja, au natumia makaa yaliyobaki baada ya maharage kuiva. Kama unaishi peke yako na asubuhi unakula slesi mbili, nunua dukani tu ndugu yangu. Huu wa nyumbani hauna vile vya kuzuia ukungu, na kwa joto la Dar siku ya tatu unaanza kuharibika. Friji nayo inaukakamaza haraka kuliko ukikaa kabatini. Mimi naukata slesi ukishapoa, naweka friza, asubuhi natoa za kuliwa na kuzipasha kwenye kikaango kikavu.

Ukioka tena ukakwama, weka hapa picha ya mkate uliokatwa katikati, siyo wa nje. Nikiona matundu ya ndani nitajua ni maji, kukanda au kuumua.