Umemeza P2. Na VVU je?

Alfajiri nimekuta ujumbe: "Dada, kondomu ilipasuka usiku, nimeshameza P2 ya kuzuia mimba, mbona moyo hautulii?" Nilimjibu kabla hata sijapiga mswaki. Sasa nawaandikia nyie wengine, maana najua hayuko peke yake.

Mimi ilinikuta Morogoro, nimekwenda kwenye sendofu ya rafiki. Kaka mcheshi, ananukia vizuri, na kondomu tulikuwa nayo. Ikapasuka. Asubuhi nikawa mteja wa kwanza duka la dawa, nimejitanda mtandio kama naenda msibani. Muuzaji akapokea hela, akanipa P2, hakuuliza kitu. Nikatoka kifua mbele. Sisi wanawake tunaogopa mimba zaidi, kwa sababu mimba mama ataiona.

Usiku ndipo nikakumbuka kuna virusi. Nikaanza kujikagua: koo linawasha, tezi shingoni, kipele mkononi. Nikamuuliza yule kaka, kwa staha kabisa, kama amewahi kupima. "Kwani unaniona mgonjwa?" Tangu hapo namba haipatikani. Bado inaniuma, siwadanganyi.

Binamu yangu anayesomea uuguzi hakutaka hata kusikia habari za kipele. Aliuliza tu saa ngapi zimepita. Dalili za VVU, kwa wanaozipata, mara nyingi huja wiki mbili hadi nne baadaye, na zinafanana na malaria au mafua. Cha kuhesabu ni saa 72. Ndani ya muda huo unaweza kuanzishiwa PEP, dawa za ARV za kuzuia maambukizi, unameza siku 28, na ukiwahi zaidi ndivyo zinavyosaidia zaidi. P2 na virusi havijuani kabisa.

Hospitalini muuguzi mmoja alinitazama juu mpaka chini: "Mnajitakia wenyewe." Mbele ya foleni nzima! Sikuondoka kwenye lile benchi. Nikapimwa kwanza, maana PEP ni ya asiye na VVU, nikapewa vidonge. Kichefuchefu kilinitesa, usingizi ukapotea, lakini sikuruka hata kidonge kimoja, na hilo natamba nalo hadi leo. Miezi mitatu baadaye nikapima tena: sina.

Kwa hiyo, wadogo zangu, acheni kujipima kwenye kioo. Acheni kununua kipimo cha VVU cha mate siku ya tatu halafu mkashangilia. Kinatafuta kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya virusi, na siku hiyo bado hazijatengenezwa. Acheni azuma, hizo antibiotiki, za kubahatisha. Kisonono kinapimwa, kaswende inapimwa, na kidonda cha kaswende kwa kawaida hakiumi, sasa wewe unangoja maumivu gani? Tena msipime watu kwa macho. Anayemeza ARV vizuri hadi virusi havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Mimi namwogopa huyo mtanashati asiyejua hali yake na anayekasirika akiulizwa.

Na ikitokea Jumamosi usiku, usingoje kliniki ifunguliwe Jumatatu. Nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, kitengo cha dharura, itaje PEP kwa jina lake. Akinuna mtu mapokezi, mwache anune. Dawa haitoki mfukoni mwake.