Kupima Kioo cha Dola ya Morgan: Ushauri kwa Wanaoanza

Anayeanza kukusanya dola za Morgan, zile sarafu za fedha zilizopigwa Marekani kuanzia 1878 hadi 1904 na tena mwaka 1921, hukutana mapema na sarafu zinazouzwa ghali kwa sababu nyuso zake ni kama kioo. Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba kung'aa peke yake si kipimo. Dola yoyote ambayo haijaingia katika mzunguko hung'aa, na ukiizungusha chini ya taa utaona mwanga ukikimbia juu yake, kwa kuwa muhuri (chuma kinachogandamiza picha kwenye sarafu) uliokwisha kupiga sarafu nyingi huacha mistari myembamba mno inayotawanya mwanga. Kioo hutoka kwenye muhuri mpya, au uliosuguliwa upya, na hufifia kadiri unavyoendelea kutumika. Ndiyo maana sarafu mbili za mwaka mmoja, kutoka kiwanda kimoja, zaweza kutofautiana kabisa.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Shika sarafu kwa ukingo wake, isimamishe juu ya ukurasa uliochapishwa, kisha iinue polepole huku ukitazama taswira ya herufi katika sehemu tupu iliyo mbele ya uso wa Liberty, yule mwanamke aliyechorwa kwenye sarafu. Herufi zikisomeka umbali wa sentimita 5 hadi 10, hicho ni kioo cha kawaida. Zikiendelea kusomeka kufikia sentimita 15 hivi, ni kioo cha kina, ambacho bei yake ni ya namna nyingine. Rudia upande wa tai, kwani upande dhaifu ndio unaoamua daraja, na wauzaji wengi (sisemi wote) hupenda kukuonyesha ule mzuri tu. Tumia mwanga uliotawanyika, maana taa kali inayomulika moja kwa moja huipamba hata sarafu ya kawaida.

Hatari kubwa zaidi ni sarafu iliyosuguliwa baada ya kutoka kiwandani. Chukua lenzi ya kukuzia. Mistari iliyoachwa na usuguaji wa muhuri imeinuka juu ya sarafu, nayo hukoma inapofika kwenye picha na maandishi. Mikwaruzo ya kitambaa au dawa ya kung'arishia imezama, na hupita juu ya shavu la Liberty na manyoya ya tai bila kujali. Ukiona shavu lenyewe linang'aa sawa na sehemu tupu, mimi ningeiacha, hata muuzaji akipunguza bei.

Usishangae pia kioo cha kina kikionekana kujaa alama: kila mchubuko uliopatikana sarafu zilipogongana ndani ya magunia huonekana maradufu juu yake. Kwa mazoezi, anza na sarafu za kiwanda cha San Francisco za 1880 na 1881, ambazo vioo vyake hupatikana bila shida, kabla ya kugusa za kiwanda cha Carson City.