Bastola ya kazi ya ulinzi vitani: anza na magazini

Kila kundi la vijana linapomaliza mafunzo pale JKT Makutupora, simu yangu huanza kuita. Wengine hunifuata nyumbani Chang'ombe jioni. Kuna wakala amewaambia ipo kazi ya ulinzi Iraq au Somalia, mshahara kwa dola, na swali lao la kwanza huwa ni hilo hilo: "Mzee, nichague bastola gani?" Kazi hiyo nimeifanya Baghdad na Mogadishu, kwa hiyo nawajibu wote hapa.

Wadogo zangu, jueni kwanza kwamba mara nyingi huchagui. Wengi wetu kutoka Afrika Mashariki tunapangwa getini na kwenye minara, na mlinzi wa getini hupewa SMG, ile bunduki ya kijeshi, na magazini zake, yaani vibebea risasi, basi. Bastola huenda kwa kiongozi wa zamu, dereva na wale wanaomlinda mtu kwa karibu. Wala hutoki nayo nyumbani. Leseni unayopata hapa kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haikuruhusu kubeba chochote katika mitaa ya Baghdad. Silaha ni ya kampuni, kibali ni cha serikali ya nchi ile. Anayekwambia utajinunulia yako sokoni ukishafika, mwogope.

Ila zipo kampuni zinazofungua kabati la silaha na kukuambia chagua. Ukifikia hapo, usiangalie bastola. Angalia kiunoni mwa wenzako mtakaopanda gari moja. Kama wote wana Glock na wewe umechukua Beretta kwa sababu imependeza mkononi, siku magazini zako zikiisha hakuna wa kukurushia nyingine, maana haziingiliani. Fundi wa silaha naye ana springi na vipuri vya aina ile tu inayobebwa na wengi. Iraq baada ya 2003 Wamarekani waliwagawia polisi Glock 19 kwa wingi, ndiyo maana kule magazini zake na watu wanaoijua havikuwa shida.

Risasi nayo ni vivyo hivyo. Chukua milimita 9 ile ya NATO, yenye ganda la urefu wa milimita 19. Jeshi la Marekani lilikuwa na Beretta M9 tangu 1985, likahamia SIG Sauer M17 mwaka 2017. Waingereza waliacha Browning wakachukua Glock 17 mwaka 2013. Bastola zimebadilika, risasi imebaki ile ile. Mtu akikusifia kalibra kubwa zaidi, yaani risasi nene zaidi, muulize ataipata wapi Mogadishu. Hapo pana mtego mmoja: Makarov ya Kirusi nayo huitwa milimita 9, lakini ganda lake ni la urefu wa milimita 18 na kichwa chake ni kinene zaidi. Boksi lililoandikwa "9 mm" peke yake usilipokee mpaka umesoma mstari unaofuata.

Mimi, nikipewa nafasi, nachukua Glock 19. Inabeba risasi 15, inakubali pia magazini ya 17 ya kaka yake Glock 17, na ni nyepesi. Beretta inakaribia kilo moja kabla hujaweka risasi, na ukiwa umevaa fulana ya kuzuia risasi tangu alfajiri, kila gramu unaisikia mgongoni. Tena Beretta, risasi ya kwanza unavuta triga (kile kifyatulio cha kidole) ikiwa nzito, ya pili nyepesi. Aliyefanya mazoezi miaka mingi hilo halimsumbui. Kijana aliyezoea SMG tu, risasi yake ya kwanza itaenda chini.

Lakini Glock haina kitufe cha usalama cha kusukuma kwa kidole gumba. Usalama wake uko ndani na kwenye triga yenyewe, kwa hiyo chochote kinachovuta triga kinafyatua. Ncha ya shati ikiingia pamoja na bastola kwenye ala, yaani mfuko wake wa kiunoni, risasi inapita pajani. Ndiyo maana nasema ala ni nusu ya bastola. Iwe ngumu, ifunike triga yote, na isibonyee ukiikalia. Zile za kitambaa zinazouzwa bei rahisi achana nazo kabisa.

Tulikuwa na mwenzetu Mganda, hodari sana wa shabaha. Akiwa wima, bastola ilikuwa mkononi kabla hujamaliza kusema neno. Siku ya zoezi la gari, akakaa kiti cha mbele, amefunga mkanda, amevaa fulana. Mkufunzi akapiga filimbi. Mkono wa Mganda ukashuka kiunoni ukakuta kifungo cha mkanda, ukapanda juu ukakuta pindo la fulana, ukashuka tena. Filimbi ikalia mara ya pili bastola bado iko ndani ya ala. Kesho yake alihamishia ala kifuani, na sote tukafanya hivyo. Kazi hii unaifanya umekaa. Ijaribu bastola yako ukiwa umekaa.

Vumbi msilidharau kwa kuwa mmekulia Dodoma. La kwetu la Agosti lina mchanga, linadondoka ukikung'uta. La Baghdad ni laini kama unga wa sembe, linashika kwenye mafuta. Paka mafuta kidogo sana, kisha futa. Magazini zisafishe kavu, na iliyowahi kukwamisha risasi iwekee alama ya rangi uirudishe ghala siku hiyo hiyo. Bastola nyingi zinazolaumiwa kwa kukwama, ukichunguza utakuta springi ya magazini imechoka.

Na kabla ya kusaini, uliza masharti ya kutumia silaha. Tarehe 16 Septemba 2007, walinzi wa Blackwater, kampuni ya ulinzi ya Marekani, waliua raia 17 wa Iraq katika uwanja wa Nisour, Baghdad, na baadhi yao walipatikana na hatia Marekani mwaka 2014. Tangu Januari 2009 wakandarasi wa Marekani hawakuwa tena na kinga mbele ya mahakama za Iraq. Wewe Mtanzania hutakuwa na ubalozi wenye nguvu ya kukutoa gerezani. Waambie wakupe masharti hayo kwa maandishi, kwa lugha unayoisoma vizuri.

Swali la mwisho kwa wakala ni hili: kampuni inatoa risasi ngapi za mazoezi kwa mwezi, na uwanja wa shabaha uko wapi? Kampuni makini ina jibu tayari. Nimeona walinzi waliokabidhiwa bastola mpya kabisa wakamaliza mkataba bila kuifyatua hata mara moja uwanjani, na hao ndio niliokuwa sitaki kupangwa nao gari moja.