Uliza Kwanza Walikuwa na Nini

Mwaka 2013 niliingia darasani nikiwa na hakika kwamba nimepata dawa ya tatizo langu. Nilikuwa nafundisha kemia kidato cha tatu katika shule ya kutwa mkoani Morogoro, wanafunzi 58 katika chumba kimoja, na kwa miezi kadhaa nilikuwa nikisoma usiku, kwa bando la simu, mijadala ya walimu wa Marekani kuhusu namna mpya ya kufundisha: mwanafunzi atazame somo kwa video akiwa nyumbani, kisha muda wa darasani utumike kufanya mazoezi mwalimu akiwa karibu naye. Walioipigia debe walikuwa wengi, na walioipinga walibishana nao kwa hoja ambazo kwangu zilionekana hafifu. Nikashawishika. Nikajirekodi nikieleza dhana ya moli, yaani kipimo cha kiasi cha kemikali, nikaipandisha video mtandaoni, na Ijumaa nikaandika anwani yake ubaoni.

Jumatatu nilipouliza ni nani ameitazama, mikono minne ilinyooshwa, na mmoja kati ya hao wanne alikuwa ameiona nusu tu kwa kuwa bando la kaka yake liliisha katikati. Nilitumia vipindi viwili kulirudia somo lote ubaoni. Kupoteza vipindi kuliniumiza, lakini kilichoniumiza zaidi ni nyuso za wale ambao hawakunyoosha mkono. Mtoto ambaye kwao kuna simu moja tu ya kitochi inayotumiwa na watu sita hakustahili kuulizwa swali la namna ile mbele ya wenzake, na aliyemuuliza alikuwa mimi.

Nawaandikia walimu wenzangu, na wanafunzi wa vyuo vya ualimu, ambao kama mimi wanafuatilia mijadala ya teknolojia na elimu inayoendeshwa katika nchi ambazo huenda hawatazikanyaga. Sitawaambia waiache, maana mengi ninayoyajua leo kuhusu ufundishaji wa sayansi nimeyapata huko. Ninawaomba wabadilishe namna ya kuisoma. Kabla ya kuuliza kama jambo fulani linafaa au halifai, uliza waliolifanya walikuwa na nini mikononi, walikuwa wangapi, na walikuwa wanahangaika na tatizo gani.

Baada ya aibu ile nilirudi nyuma kutafuta chimbuko la jambo lenyewe. Miongoni mwa watu waliolifanya lijulikane sana ni Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walimu wawili wa kemia, kemia ileile ninayofundisha mimi, katika sekondari ya Woodland Park iliyoko jimbo la Colorado, Marekani. Mwaka 2007 walianza kurekodi masomo yao kwa sababu wanafunzi wao wengi walikuwa wakikosa vipindi: mji uko milimani, na safari za kwenda kwenye mashindano ya michezo na shughuli nyingine za shule zilikula muda wa masomo. Wanafunzi ambao hawakuwa na intaneti nyumbani walipewa masomo hayo kwenye DVD. Jambo hilo la DVD sikuwa nimeliona hata mara moja katika miezi yote niliyokuwa nasoma watu wakibishana. Waliounga mkono walilipita, na waliopinga walilipita vilevile, kwa kuwa pande zote mbili hazikuwa zikieleza tena kilichofanyika Woodland Park bali zilikuwa zikishindana kwa jina la mbinu. Laiti ningeanza kwa maelezo ya walimu wenyewe, ningetambua kwamba tatizo lao lilikuwa watoto wasiokuwepo darasani, ilhali langu lilikuwa watoto waliokuwepo wote, tena wengi kuliko viti.

Kosa hilo lina upande wake wa pili, na huo nao nimeuona. Miaka michache baadaye, shule yetu ilipokuwa ikifikiria kupokea kompyuta zilizotumika, mwenzetu mmoja alisimama katika kikao cha walimu akasema kwamba utafiti umeshathibitisha kompyuta hazisaidii, kwani Peru waligawa kompyuta mpakato kwa watoto na matokeo yakawa sifuri. Aliyasoma mahali fulani na aliyasema kwa nia njema. Tathmini anayoizungumzia ipo kweli. Ilitolewa na Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika (IDB) mwaka 2012 na ilihusisha shule 319 za msingi za vijijini. Haikuona ongezeko la alama katika hisabati na lugha baada ya takribani miezi 15. Lakini tathmini hiyohiyo iliona maendeleo kiasi katika majaribio ya uwezo wa jumla wa kufikiri, na inaeleza kwamba shule hizo karibu zote hazikuwa na intaneti. Ukiyajua hayo, hoja ya kikao inabadilika. Badala ya kubishana kama kompyuta zinasaidia, mnaulizana ni nani atakayeziongoza, zitawekewa nini ndani, na mwalimu atapewa muda gani wa kujiandaa. Siku ile hatukuulizana hivyo. Kompyuta zilicheleweshwa mwaka mzima.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni wa kazi ya mikono: mjadala ukikuvutia, usiuamini mpaka umefika kwa aliyetenda jambo lenyewe. Ni kazi ya saa moja au mbili, pengine jioni nzima ikiwa mtandao ni wa kusuasua, na mara nyingi utagundua kwamba mtendaji ni mpole kuliko mashabiki wake, na anataja mapungufu ambayo wao wameyafyeka.

Njiani kuna maneno yatakayokupoteza kwa sababu yanafanana na yetu. Walimu wa Marekani wanapoandika kwamba wilaya yao imenunua vifaa, msomaji wa Tanzania anafikiria halmashauri anayoijua yeye. Wilaya ya shule kule ni chombo kinachosimamia shule tu. Mara nyingi kina bodi iliyochaguliwa na wakazi, na sehemu kubwa ya fedha zake hutokana na kodi ya majengo na ardhi ya eneo lenyewe. Wakisema wilaya imeamua, wanasema jambo ambalo kwetu halina mlinganisho. Hata mwaka wao wa masomo huanza Agosti au Septemba, kwa hiyo mbinu ya "wiki za mwanzo" utaisoma wakati wewe unawaandaa kidato cha nne kwa mtihani wa Novemba. Hayo madogo yasipotafsiriwa kichwani, ushauri mzuri kabisa unafika umeharibika.

Upande wa kusoma nimeueleza vya kutosha. Upande wa kusema una ugumu wake, na wengi wetu tunauogopa.

Oktoba 1995, Sally Hambridge wa kampuni ya Intel aliandika waraka wa adabu za mawasiliano ya intaneti ambao bado unapatikana, na mimi huwaambia walimu vijana wausome japo umri wake ni mkubwa kuliko wa baadhi yao. Unamshauri mgeni asome mazungumzo ya kundi kwa mwezi mmoja hadi miwili kabla ya kuandika chochote. Unakumbusha kwamba anayesoma ujumbe wako ni binadamu mwenye utamaduni, lugha na utani tofauti na wako, na kwamba namna za kuandika tarehe, vipimo na misemo huenda zisieleweke ugenini. Hilo la tarehe nililipata mwenyewe. Mazungumzo niliyotaka sana kuyahudhuria yalitangazwa kuwa ya 4/7, nami nikajipanga kwa tarehe nne Julai. Kumbe Wamarekani hutanguliza mwezi: yalikuwa yamefanyika tarehe saba Aprili.

Ugumu mwingine ni wa malezi. Sisi tumefundishwa kwamba haja haitangulii salamu, na barua yangu ya kwanza kwenye mijadala ya walimu wale mtandaoni ilikuwa na aya nzima ya kuwajulia hali, kuomba radhi kwa kuwasumbua na kueleza jinsi ninavyowaheshimu. Swali lilikuwa mstari wa mwisho: kuna mtu anajua namna ya kufundisha kemia bila intaneti? Hakuna aliyejibu. Nilidhani wamenidharau kwa sababu ya Kiingereza changu au kwa sababu ya nilikotoka, na nilikaa na dhana hiyo kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Niliposoma tena maswali ya wengine yaliyojibiwa vizuri, niliona kwamba kule heshima huonyeshwa kwa kumpunguzia kazi anayejibu. Kumweleza kila anachohitaji ili akusaidie, kwa mistari michache, ndiyo shikamoo yao. Sikuona haja ya kuacha adabu ya kwetu. Nilibakiza salamu ya mstari mmoja, na shukrani mwishoni.

Swali langu la pili nililiandika hivi: ninafundisha kemia kwa vijana wa miaka 16 na 17 nchini Tanzania, wanafunzi 58, kompyuta tisa za zamani zisizo na intaneti, umeme upo lakini hukatika, bureti ni nne, wanafunzi wanashindwa kuelewa kwa nini kemikali moja huisha na nyingine kubaki katika mmenyuko, nimejaribu michoro ubaoni na mifano ya hesabu, nahitaji kitu kinachoweza kubebwa kwenye flashi. Ndani ya siku mbili nilipata majibu sita. Mmoja alinielekeza kwenye Kiwix, programu iliyoanzishwa mwaka 2007 inayokuwezesha kusoma Wikipedia nzima bila intaneti, na ambayo kompyuta moja inaweza kuigawa kwa nyingine zilizo kwenye mtandao wa ndani. Wa pili alinitajia majaribio ya kuigiza ya PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na mwanafizikia Carl Wieman katika Chuo Kikuu cha Colorado kilichoko Boulder, ambayo hupakuliwa bure na kuendeshwa bila mtandao, na baadhi yake yametafsiriwa kwa Kiswahili. Yaani msaada ulitoka jimbo lilelile la Colorado ambako miaka kadhaa nyuma nilichukua mbinu isiyonifaa. Safari hii ulinifaa kwa sababu nilitangulia kusema nina nini.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, nami naamini hata mazungumzo hayo ya mbali huwa na kitu cha kupona yakipata mgeni. Wenyeji wengi wa kule hawajui kwamba wanazungumza kama wenyeji. Jaribio mojawapo la PhET, linalohusu hasa kemikali inayoisha na inayobaki, hutumia mfano wa vipande vya mkate vyenye jibini katikati. Wanafunzi wangu hawali chakula hicho, na walihangaika na jibini kabla ya kuifikia kemia. Niliwapa mfano wa kikombe kimoja cha chai kwa maandazi mawili: ukiwa na vikombe vitano na maandazi saba, ni watu wangapi watapata chai kamili, na kitabaki nini? Darasa zima lilijibu, pamoja na waliokuwa kimya tangu Januari, na tulipofungua jaribio kwenye kompyuta walijua wanatafuta nini. Nikarudi kuyaeleza hayo pale nilipouliza swali, kwa sababu naona ni deni: ukisaidiwa, rudi useme kilichotokea, kimefaa wapi na kimekwama wapi. Wengi huchukua jibu wakaondoka, na anayefuata hukuta ushauri usio na habari za ulikojaribiwa.

Katika maelezo hayo nilikosea: nilichanganya gramu kwa lita na moli kwa lita. Aliyenisahihisha, kwa sentensi mbili kavu, baadaye nilitambua kuwa ni kijana ambaye mwenyewe alikuwa bado yuko sekondari. Mwalimu aliyezoea kuamkiwa na kila mtoto anayepita korido huhisi jambo kama hilo mwilini kabla hajalifikiria. Nakushauri usijibu saa hiyohiyo. Pitia hesabu yako kwanza, na ukikuta amesema kweli, rekebisha palepale hadharani na umshukuru. Nilifanya hivyo asubuhi iliyofuata, na kosa lile nililichukua hadi darasani nikaliandika ubaoni nikawataka wanafunzi walitafute.

Siku hizi, ninapoleta jambo la mbali katika kikao cha walimu, nalileta kwa Kiswahili na kwenye karatasi moja: limefanyika wapi, na wanafunzi wangapi, kwa vifaa gani, kutatua nini, chini yake naandika hali yetu kwa mpangilio uleule. Mara nyingine karatasi yenyewe inanionyesha, kabla sijaenda kikaoni, kwamba sina cha kupeleka. Mwaka jana nilipata ujumbe wa mwalimu kutoka Nepal aliyekutana na maelezo yangu ya chai na maandazi, akitaka kujua kama yatafaa shuleni kwake. Kabla sijamjibu nilimuuliza darasa lake lina wanafunzi wangapi, kompyuta ngapi, na watoto wa kijijini kwao hunywa chai na nini.