Kugomea ndege kwa sababu ya upekuzi

Dada, umeuliza kama sisi wa Mtwara tukigoma kupanda ndege mpaka upekuzi wa kupapaswa mwilini ukome, tutasikilizwa. Kwa mgomo peke yake, sidhani. Utamuumiza anayeuza tiketi, na upekuzi si wake. Akikosa abiria atapunguza safari za huku, tubaki na basi tu mpaka Dar.

Oktoba 2018 wakulima wa Tandahimba na Newala walipokataa bei ya korosho mnadani walikuwa na nguvu: mzigo ni wao, na aliyetaja bei ndogo ndiye aliyeukosa. Mpekuzi wa kiwanjani hapotezi kitu ukipanda basi.

Marekani walijaribu. Tarehe 24 Novemba 2010, siku ya pilikapilika kubwa za safari, abiria walihamasishana kukataa mashine zinazoonyesha mwili. Foleni zikaenda kama kawaida. Kilichobana ni sheria: Bunge lao liliagiza mashine zionyeshe mchoro tu wa mtu, si maungo yake, na zilizoshindwa zikaondolewa viwanjani 2013.

Lakini usinyamaze, kupapaswa ovyo ni udhalilishaji na inaniuma sana kusikia mama zetu wanafanyiwa hivyo mbele za watu. Dai mpekuzi mwanamke, dai chumba cha faragha. Andika tarehe na saa, peleka malalamiko kwa maandishi kwa meneja wa kiwanja, nakala kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA). Mkiwa wengi, mpeni na mbunge nakala.