Muulize Mkutubi: Nataka kitabu cha mambo ya kweli

Barua za mwezi huu karibu zote zina ombi moja. Wasomaji wamezisoma riwaya, sasa wanataka vitabu visivyo vya kubuni: maisha ya watu, historia, mambo yaliyotokea kweli. Nimechagua nne za kujibu hapa.

Shikamoo Bi Mkutubi. Mimi ni kijana wa Muheza, nimemaliza kidato cha nne na sasa nauza katika duka la mjomba wangu. Nataka kitabu cha mtu aliyeishi kweli, kiwe kipya na kiwe cha Kiswahili. Kiingereza nakisoma, ila kinanichosha.

Marahaba mwanangu. Kaazime *Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu*, tawasifu ya Rais wa Awamu ya Pili, Ali Hassan Mwinyi. Ilizinduliwa Dar es Salaam tarehe 8 Mei 2021, siku aliyotimiza miaka 96, naye akiwepo ukumbini. Viongozi wetu wengi wakitaka kusimulia maisha yao hukimbilia Kiingereza, kwa hiyo kitabu hiki kina heshima ya pekee kwangu. Mtu wa dukani, wa shambani, wa bodaboda anaweza kukisoma bila mkalimani.

Humo yumo mtoto aliyezaliwa Kivure, Mkoa wa Pwani wa leo, mwaka 1925, akapelekwa Unguja kusoma angali mdogo, akaja kuwa mwalimu Mangapwani. Kuna jambo moja nakuomba usilipite haraka. Mwaka 1977 Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani, kwa sababu watuhumiwa walikufa mikononi mwa vyombo vya dola mkoani Shinyanga. Hakuwa yeye aliyewatesa, lakini wizara ilikuwa yake, akaachia kiti. Miaka minane baadaye akawa Rais. Kijana anayeanza maisha akikutana na jambo kama hilo ana mengi ya kufikiri.

Ukimaliza usiishie hapo. Tawasifu ni ushahidi wa mtu mmoja, na kila shahidi husimulia kutoka pale aliposimama. Mtafute aliyempokea kijiti, Benjamin Mkapa, katika *My Life, My Purpose* cha mwaka 2019. Ni cha Kiingereza, najua, lakini soma kurasa chache kila ukifunga duka. Tafuta anapoyazungumzia mauaji ya Pemba ya Januari 2001, yaliyotokea yeye akiwa Ikulu, na jinsi anavyokiri kwamba ni doa katika uongozi wake. Mzee Mwinyi alipenda kusema kila zama na kitabu chake. Hapa unaviweka vitabu vya zama mbili mezani pamoja.

Na kwa kuwa wewe ni wa Muheza, kuna kitabu cha kwenu kabisa ambacho si kipya hata kidogo: *Habari za Wakilindi* cha Abdallah bin Hemedi. Kilichapwa kwanza na wamisionari wa Magila, hapo hapo kwenu, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha kikatolewa tena Nairobi mwaka 1962. Kinamsimulia Mbegha, mwindaji kutoka Ungulu aliyekataliwa na ndugu zake kwa kuwa ni kigego, meno ya juu yalimtangulia kuota. Akapanda milima ya Usambara, akawaua nguruwe waliokuwa wakimaliza mazao ya watu, akagawa nyama, mwisho wakamfanya mtawala wao; ukoo wake wa watawala ndio Wakilindi. Wazee wa Vuga wanaijua habari hii kwa ulimi. Isome, halafu kaa nao uwaulize wanaisimuliaje wao.

Mkutubi, mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari. Wanafunzi wangu wanaona somo hili ni orodha ya tarehe na majina ya Wazungu. Niwape nini nje ya kitabu cha kiada?

Mwalimu, wape sauti za watu waliokuwepo. Tunazo, tena za Kiswahili, na inaniuma kuona zimelala rafuni huku watoto wakikariri muhtasari.

Anza na *Desturi za Waswahili*. Kilitoka Ujerumani mwaka 1903 chini ya jina la Carl Velten, lakini sehemu kubwa ya maneno ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo. Anaeleza mtoto anavyozaliwa na kupewa jina, jando, posa na harusi, ngoma, maradhi, madeni, safari za bara. Chagua sehemu ya harusi, mpe msichana mmoja na mvulana mmoja waisome kwa sauti, kisha uliza: bibi yako aliolewa hivi? Darasa halitalala. Baadhi ya maneno yamepitwa na wakati, kwa hiyo waambie wayaandike ubaoni, wakayaulize nyumbani.

Kisha waeleze aliyeandika ni nani. Mtoro alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili, akamwoa mwanamke Mjerumani. Mwaka 1905 alitaka kurudi kwao na mkewe, lakini wakuu wa koloni hawakukubali mwanamke wa Kijerumani ashuke Dar es Salaam akiwa mke wa Mwafrika. Wakarudishwa Ulaya, na Mtoro hakuiona tena Bagamoyo. Mwanafunzi aliyeshasoma maneno yake kuhusu harusi za kwao, akisikia hayo, ameshaujua ukoloni kwa namna ambayo mtihani hauwezi kumfundisha.

Kwa kidato cha tatu na nne ongeza vitabu viwili, lakini usivitenganishe. Cha kwanza ni maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe. Anasimulia safari za Tabora na Manyema, pembe za ndovu, vita na mateka, kwa utulivu wa mfanyabiashara anayesoma daftari lake la hesabu. Utulivu huo ndio hatari yake. Mwanafunzi akikisoma peke yake anaweza kuona watumwa ni mzigo tu kama pembe. Kwa hiyo mpe papo hapo *Uhuru wa Watumwa* cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Mbotela alikuwa mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru, na anasimulia watu wa Freretown, kijiji kilichoanzishwa karibu na Mombasa kwa ajili ya waliookolewa baharini. Walio Mombasa wanaweza kwenda Kengeleni, Nyali, wakaiona kengele yao. Naye Mbotela ana mipaka yake: anawasifu mno Waingereza waliowapokea. Waachie wanafunzi waligundue hilo wenyewe.

Bi Mkutubi, nakuandikia kutoka Muscat. Mama mkwe wangu ni mzaliwa wa Unguja, macho yake hayaoni vizuri tena, nami napenda kumsomea jioni. Hataki hadithi za uongo, anasema muda wake hautoshi. Nimsomee nini?

Dada yangu, Mungu akulipe. Mchukulie *Wasifu wa Siti binti Saad* wa Shaaban Robert. Si kitabu kinene, na kimeandikwa na mtu aliyejua sentensi iendeje masikioni, kwa hiyo kusomwa kwa sauti kunakifaa sana.

Siti alizaliwa Fumba, katika jamaa ya wafinyanzi, akibeba vyungu kichwani kwenda kuviuza mjini. Alipoanza kuimba taarabu na kupata jina, wapinzani walimtungia nyimbo za kumkejeli: umetoka shamba na kaniki zako, leo wewe nani? Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili, na sauti yake ikasikika pwani nzima. Alifariki mwaka 1950. Mama mkwe wako huenda alikulia katika nyumba yenye gramafoni. Ukifika kwenye nyimbo, nyamaza kidogo. Mara nyingi mzee huzidaka mwenyewe akaendelea, nawe utapata ya ziada ambayo hayamo kitabuni. Yaandike.

Baada ya hapo, maadamu mko Oman, kuna kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Zilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886 na kwa Kiingereza zinapatikana kwa urahisi, kwa hiyo itabidi umtafsirie papo kwa papo. Kuna mahali anaeleza alivyojifundisha kuandika kwa siri, wasichana wakiwa hawafundishwi: alinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1866 alitoroka Unguja kwa meli ya Kiingereza, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg. Unayo ya kutosha jioni nyingi. Anachoandika kuhusu utumwa kitamkera msikilizaji wa leo, maana aliutetea. Msomee hivyo hivyo, mjadiliane.

Nasoma chuo Dar es Salaam. Nimesikia kuna wasifu wa Mwalimu Nyerere wa juzuu tatu. Bei yake imenishinda. Je, una thamani hiyo, na nifanyeje?

Unayo. *Development as Rebellion* ulitoka mwaka 2020 na ni kazi ya watu watatu: Saida Yahya-Othman, Ng'wanza Kamata na Issa Shivji, kila mmoja na juzuu yake. Usijilazimishe kwa mpangilio. Kama hamu yako ni siasa za uhuru, anza na ya pili, ya Kamata. Kama ni Azimio la Arusha na yaliyofuata, nenda moja kwa moja ya tatu, ya Shivji, ambaye anampenda Mwalimu na bado anamhoji bila kumwonea haya.

Ukiwa kwenye miaka ya TANU, chama kilichopigania uhuru, azima pia kitabu cha Mohamed Said kuhusu maisha na nyakati za Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi wake. Kiswahili chake kilitoka mwaka 2002. Hoja yake ni kwamba Waislamu wa Dar es Salaam waliojenga chama kabla na baada ya 7 Julai 1954, siku TANU ilipoundwa, wameachwa nje ya historia rasmi. Wapo wanaompinga vikali. Soma pande zote mbili, penseli mkononi, kwenye daftari lako na si pembeni mwa kitabu cha maktaba, tafadhali.

Kuhusu bei: usinunue kwanza. Nenda maktaba ya umma, uliza namba 967.8, ndiyo historia ya Tanzania. Wasifu wa watu mara nyingi huwekwa 920, kwa hiyo tazama kote kuwili kabla hujasema hakuna. Seti kama hii inaweza kuwa chumba cha rejea, ambako husomwa hapo hapo bila kuazimwa. Ikiwa hivyo, beba daftari na uende asubuhi, viti havijajaa. Usipoiona kabisa, mwambie mkutubi aandike ombi lako, na wenzako wa darasani nao waandikishe la kwao. Tunapopanga kununua vitabu huwa tunaanzia kwenye maombi.